Pakiti mpya ya sindano safi: bomba ni zuri, maji hayatoshi

Bomba la sindano lililomo kwenye pakiti mpya ya huduma yetu ya sindano safi ni bora kuliko yote niliyowahi kushika. Naanza na hilo kwa sababu mengi nitakayoandika huku chini ni malalamiko, na sitaki mtu aondoke akidhani pakiti haifai. Inafaa sana. Nimejidunga heroini kwa miaka mingi. Sasa niko kwenye methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na ni mwelimishaji rika wa huduma hiyohiyo: nabeba mkoba, nazunguka maskani, nagawa pakiti na kukusanya mabomba yaliyotumika. Pakiti ya zamani naijua kama mtumiaji na kama mgawaji. Hii mpya nimekaa na watu wakiifungua mbele yangu, nikaona wanachukua nini kwanza na wanaacha nini chini.

Kwa asiyeijua, ni mfuko mdogo usioonyesha kilichomo, unaoingia kwenye mfuko wa suruali. Ndani kuna mabomba kumi ya mililita moja, vitambaa kumi vya spiriti, vikombe vitano vya bati vya kupikia, vichujio vitano vya kuchujia dawa iliyopikwa, vichupa vinne vya plastiki vyenye maji yaliyotakaswa, mkanda wa kufungia mkono, kopo la kutupia, kondomu na kadi ya maelezo. Hulipi kitu na huulizwi jina. Unapewa namba ya siri, basi.

Bomba, sasa. Pakiti ya zamani ilikuwa na bomba la mililita mbili na sindano ya kuchomeka. Ukilisukuma hadi mwisho unaona limekwisha, kumbe pale sindano inapokutana na bomba kuna uwazi ambao ule mpira wa ndani haufiki. Damu na dawa hubaki humo. Waliopima walikuta mabomba ya aina hiyo yanabakiza mikrolita 84 hivi, ilhali mabomba ya sindano ya kudumu, kama haya mapya, yanabakiza kama mikrolita 2. Na mtu akisuuza kwa maji, pengo linazidi kukua: baada ya kusuuza, lile la zamani hubaki na damu takribani mara elfu moja ya hili. Hiyo ndiyo damu inayotoka kwenye mshipa wa mtu mmoja na kuingia kwenye mshipa wa mwingine bila yeyote kati yao kuiona. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu mwaka 2012 kwamba huduma za kugawa sindano ziwe na mabomba ya uwazi mdogo. Sisi tumechelewa, lakini tumefika.

Naomba hapa nieleweke vizuri. Hakuna bomba lililotengenezwa ili watu wawili walitumie. Bomba hili likipita mikononi mwa watu wawili bado linaweza kuambukiza VVU, na homa ya ini aina ya C ndiyo kabisa. Faida yake ni kwamba siku mambo yanapoharibika, na kwenye maskani siku hizo zipo, damu inayobaki ndani ni kidogo sana ukilinganisha na lile la zamani.

Kwa mkono wa mtumiaji, nalisifu pia. Sindano ni nyembamba na kali, haichani ngozi. Namba zake zinasomeka hata kwenye mwanga wa simu. Mpira unateleza bila kukwama, jambo ambalo pakiti ya zamani haikulifikia. Kasoro moja tu, na si ndogo: sindano ni fupi. Wale ambao mishipa ya mikono imekwisha na sasa wanajidunga kwenye paja au kinena, haiwafikii. Kwa hiyo wanachukua pakiti, wanatoa maji na vitambaa, mabomba wanawapa wengine, halafu wanaenda dukani kununua lile la zamani la sindano ndefu ya kuchomeka. Hao ndio waliojidunga miaka mingi kuliko wote, na ndio wanaorudi kwenye bomba la hatari kuliko yote. Dawa ya tatizo hili ipo tayari: kuna mabomba ya sindano ya kuchomeka yaliyotengenezwa kwa uwazi mdogo, ambayo mpira wake una ncha inayoingia hadi kwenye shingo ya sindano na kuyasukuma nje mabaki. Nimeshawaomba wasimamizi waagize hata boksi moja. Naomba tena hapa.

Mara kwa mara nikitoa pakiti nakutana na mtu anayeniambia haihitaji. Kijana mmoja aliniambia, "Braza, virusi vikipigwa na hewa vinakufa. Bomba likikaa tangu jana si limeshakuwa safi?" Ametamka kitu chenye ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Damu ikimwagika juu ya meza ikakauka, VVU hupoteza nguvu haraka. Ndani ya bomba hakuna hewa ya kutosha kuikausha. Maabara zimejaribu, zikakuta virusi vinaweza kuishi ndani ya bomba lililotumika hadi siku 42, kutegemea joto na kiasi cha damu kilichobaki. Penye baridi vinadumu zaidi, penye joto kali vinakufa mapema. Kwa hiyo bomba lililofichwa juu ya dari au chini ya jiwe likisubiri siku ya shida halijawa safi. Linasubiri na kilichomo.

Mwingine anakuja na hesabu. Amesikia kwamba CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inakadiria uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa kutumia sindano moja na mtu mwenye virusi kuwa mara 63 kwa kila mara 10,000. Anasema ni chini ya asilimia moja, anacheka, anaendelea. Namwambia hesabu hiyo ni ya mara moja. Mtu anayejidunga mara tatu kwa siku, akiwa na mwenzake mmoja mwenye virusi wanaochangia bomba, hafiki hata miezi miwili kabla ya kutimiza mara mia. Piga hesabu ya mara mia kwa kiwango hichohicho: uwezekano wa kuwa ameambukizwa unakaribia nusu. Halafu hiyo 63 ni wastani. Aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ana virusi vingi mno kwenye damu yake kuliko wastani, na wakati huohuo kipimo cha haraka kinaweza kumwonyesha hana. Anaapa kwamba yuko salama, na anaapa kwa moyo safi.

Sasa maji. Hapa ndipo pakiti inaponikera.

Mabomba kumi, vichupa vinne vya maji. Vikombe vitano. Vichujio vitano. Aliyepanga idadi hizo alifikiria sindano peke yake, na ningependa aje akae nasi jioni moja aone maambukizi yanavyopita pembeni ya sindano. Watu wanne wameketi. Kila mmoja ana bomba lake jipya, wote wametii somo. Katikati kuna glasi moja ya maji. Wa kwanza anavuta maji ya kuchanganyia, anajidunga, anarudi kusuuza bomba lake kwenye glasi ileile ili lisizibe. Maji bado yanaonekana meupe. Wa pili anavuta hapohapo. Damu ya wa kwanza imo sasa kwenye kikombe, imo kwenye kichujio, imo kwenye mabomba yote yatakayoingia baadaye. Hakuna aliyechangia sindano, na ukiwauliza watakuambia hivyo bila kudanganya.

Kuna kugawana pia. Watu wawili wanaunganisha hela, wananunua mzigo mmoja, wanaupika pamoja. Njia ya haki ya kugawa ni kupima kwa bomba: mmoja anavuta yote, anasoma namba, anasukumia nusu kwenye bomba la mwenzake. Kama bomba la kupimia liliwahi kutumika, wote wawili wameshaingia. Watu hawafanyi hivi kwa ujinga. Wanafanya kwa sababu arosto, yale mateso ya kukosa dawa, inakaba na hela haitoshi, na kwa sababu kugawa kwa macho huzaa ugomvi. Tunachoweza kuwapa ni bomba jipya la kupimia, ambalo halijagusa damu ya mtu, na vikombe vya kutosha kila mmoja amimine fungu lake likiwa bado maji matupu ya dawa.

Vichujio vilevile. Mtu mwenye uzoefu hatupi kichujio, anakihifadhi. Siku hana kitu, anavikusanya vile vilivyotumika, vyake na vya wenzake, anavichemsha upya apate mabaki. Kimoja kina damu ya huyu, kingine ya yule. Hili sikulisoma popote, nimeishi nalo. Tungeweka kumi badala ya vitano, na tuwe tunasema wazi tunapowapa kwamba kichujio cha mtu mwingine ni sawa na bomba lake.

Dada mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha mengi kuhusu usafi wa kujidunga kabla huduma yoyote haijatufikia, hakuwahi kuruhusu mtu aguse bomba lake. Alikuwa analifunga kwenye kitambaa na kulala nalo. Alipopimwa, VVU hana. Homa ya ini C anayo. Virusi vya homa hiyo ni vigumu kuliko VVU, vinapita kirahisi kwenye maji na vikombe vya pamoja, na ndani ya bomba vimekutwa hai hadi siku 63. Habari njema ni kwamba siku hizi inatibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na anapona kabisa karibu kila anayevimaliza. Ameanza. Lakini nikimwona nakumbuka kwamba alifuata kila kitu alichoambiwa, na alichoambiwa kilikuwa sindano tu.

Kitu kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni rangi. Vijiti vya kusukumia vimekuja kwa rangi tano, mabomba mawili kwa kila rangi. Nilipoviona mara ya kwanza nilidhani ni pambo. Kumbe watu wawili wanaoishi chumba kimoja, mke na mume, wote wana mabomba yanayofanana, usiku taa imezimwa, na asubuhi hakuna anayejua lipi ni lake. Sasa mmoja ni kijani, mwingine ni bluu, na nimesikia wakikemeana: "Hilo la bluu acha!" Nyekundu na rangi ya chungwa zinachanganya kwenye mwanga hafifu, wangeondoa moja.

Kopo la kutupia nalo limefikiriwa. Ni dogo, linaingia mfukoni, na kifuniko chake ukikibana mara ya mwisho hakifunguki tena. Tatizo ni rangi ya njano na alama kubwa ya hatari. Mtu akisimamishwa njiani na hilo kopo, ameshajieleza kabla hajafungua mdomo. Matokeo yake wengi wanaliacha kwetu dirishani na kuondoka na chupa ya soda. Chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko inafanya kazi, na bora hiyo kuliko sindano iliyotupwa kwenye mchanga wanapocheza watoto, lakini tungeweza kuwapa kopo lisilopiga kelele.

Vitambaa vya spiriti havina neno. Mkanda pia.

Kila inapokuja kamati ya kutembelea huduma, kuna mtu huuliza kwa nini tusigawe yale mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya matumizi ya kwanza. Swali ni la nia njema na nalijibu kwa heshima kila mara. Mabomba hayo ni kazi kubwa. Mwingereza Marc Koska alisoma gazetini mwaka 1984 kwamba sindano zitakuwa njia kuu ya kueneza VVU, akatumia miaka kubuni bomba ambalo haliwezi kutumika mara mbili. Kwenye chanjo na zahanati yanaokoa watu. Tazama kijiji cha Roka nchini Kambodia, mwishoni mwa mwaka 2014: zaidi ya watu 200 walikutwa na VVU, wazee na watoto wadogo, kwa sababu mtu asiye na leseni ya udaktari alikuwa anawadunga kwa sindano zilizokwisha kutumika. Watu hao hawakuwa wamegusa dawa yoyote ya kulevya. Walikwenda kutibiwa. Hapo bomba linalojifunga lingebadilisha kila kitu.

Kwa anayejidunga mwenyewe mambo ni tofauti. Yeye huvuta kijiti nyuma kidogo aone kama damu inarudi, ajue ameupata mshipa. Akiukosa anatoa, anajaribu tena. Bomba linalojifunga linaweza kukwama katikati ya kazi hiyo, na mzigo wake ukiwa ndani. Atafanya nini mtu mwenye arosto? Atalivunja atoe dawa, atatafuta bomba lingine lolote lililo karibu, na lililo karibu ni la jirani. Tukifanya hivyo tutakuwa tumemsogeza karibu zaidi na VVU huku tukidhani tumemlinda.

Kile kichupa cha dawa ya klorini kilichokuwamo kwenye pakiti ya zamani kimeondolewa, na nakubaliana na uamuzi huo. Kilifanya watu waamini kwamba bomba lililosuuzwa ni jipya. Klorini kali isiyozimuliwa inapunguza hatari ya VVU kama mtu atasuuza kwa maji safi kwanza, akalijaza bomba klorini hadi juu na kuiacha ndani kwa muda, akaimwaga, kisha akasuuza tena kwa maji mengine safi. Mtu mwenye arosto hufanya sehemu tu ya hayo, au hafanyi kabisa. Kwa homa ya ini C haiaminiki. Ningebakiza maelezo yake kwenye kadi kwa ajili ya walio gerezani, ambao hawana bomba jipya la kutumaini, na niseme wazi ni la mwisho kabisa baada ya kila kitu kingine kushindikana.

Sasa dirisha lenyewe la huduma, maana pakiti nzuri iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Kanuni yetu hadi leo ni moja kwa moja: lete bomba lililotumika, upewe jipya. Ukija mikono mitupu unapewa mawili ya huruma. Kanuni hii ina sura ya haki na usafi, na inatuumiza. Anayejidunga mara tatu kwa siku anahitaji zaidi ya mabomba elfu moja kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la angalau mabomba 200 kwa kila anayejidunga kwa mwaka ifikapo 2020 na 300 ifikapo 2030, na hata hayo ni machache ukilinganisha na mahitaji ya mtu wa kila siku. Nani anakuja bila mabomba ya zamani? Aliyekamatwa jana yakachukuliwa kama ushahidi. Anayelala nje. Aliyefukuzwa nyumbani. Wale wanaohitaji pakiti nzima ndio tunaowapa mawili.

Historia imeshafanya jaribio hili, kwa gharama ya watu. Edinburgh, Scotland, mwanzoni mwa miaka ya 1980, polisi walikuwa wanakamata mabomba na maduka ya dawa yakaacha kuyauza. Watu hawakuacha heroini. Walichangia mabomba machache yaliyobaki. Mwaka 1986 daktari Roy Robertson na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya wagonjwa wao waliokuwa wakijidunga: asilimia 51 walikuwa na VVU. Amsterdam, mwaka 1984, chama cha watumiaji wenyewe kilianza kugawa sindano kwa hofu ya homa ya ini aina ya B, baada ya duka la dawa kukataa kuwauzia. Nalipenda tukio hilo la Amsterdam. Walioanza walikuwa watu kama mimi, na hawakusubiri ruhusa ya kuthaminiwa.

Anayedhani hayo ni ya zamani atazame kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani. Mji wa Austin una wakazi elfu nne na ushee. Kwa miaka kumi kabla ya mlipuko wa VVU kaunti nzima ilikuwa na wagonjwa watano tu wapya wa VVU. Kisha watu wakaanza kusaga vidonge vya maumivu vya oksimofoni na kujidunga, mara kadhaa kwa siku, familia nzima kwa bomba moja, na kugawa sindano hakukuruhusiwa na sheria ya jimbo. Kufikia Novemba 2015 walioambukizwa walikuwa 181, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi kati yao walikuwa na homa ya ini C pia. Gavana ilibidi atangaze hali ya dharura ndipo sindano zikaruhusiwa. Homa ya ini ilikuwa imetangulia miaka kadhaa mbele, ikionyesha barabara ambayo VVU vingepita.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi ni wazi: gaweni kwa mahitaji, ruhusuni mtu achukue pia ya wenzake wasioweza kuja, na mabomba yaliyotumika tuyafuate sisi wenyewe maskani. Tunajua yalipo.

Saa za kufungua pia hazimtazami mteja. Dirisha linafunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, kama ofisi. Bomba linahitajika usiku. Tukienda na mkoba baada ya magharibi pakiti zinaisha kabla hatujamaliza mzunguko. Wahudumu wenyewe, hata hivyo, nawasifu kwa moyo wote. Yule mama wa dirishani anasalimia kila mtu kwa heshima, "Karibu baba, karibu mwanangu," hata anayenuka, hata aliyekuja amelewa. Watu wamerudi kwa ajili ya salamu hiyo kabla hawajajali pakiti.

Wanawake ni wachache dirishani kuliko maskani, na sababu naijua. Wengi wao hawajidungi wenyewe, wanadungwa na mume au mpenzi. Yeye anaanza, halafu anamdunga mwanamke kwa bomba lilelile. Kila mara wa pili. Huyo hata akipewa pakiti hana mamlaka juu ya bomba. Binti mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumfundisha kujidunga mwenyewe, ili angalau awe na lake. Nilimpeleka kwa nesi wa kike, ambaye yuko siku mbili tu kwa wiki. Huduma inayotaka kuzuia VVU imlipe nesi huyo wiki nzima, na iwe na chumba ambacho mwanamke anaingia bila kupita mbele ya foleni ya wanaume.

Kadi ya maelezo ni kitu dhaifu kuliko vyote ndani ya pakiti. Maandishi ni madogo, na palipo muhimu kabisa imeandikwa: "Ukitumia sindano ya mtu mwingine, nenda hospitali haraka." Haraka kiasi gani? Kufanya nini? Dawa za PEP zinaweza kuzuia VVU visishike mwilini, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Zinamezwa kila siku kwa siku 28. Hayo mawili tu, 72 na 28, yangeandikwa kwa herufi kubwa. Nayaandika kwa kalamu nyuma ya kila kadi ninayotoa. Pia iseme kwamba kipimo cha kujipima kinaweza kuhitaji hadi siku 90 tangu tukio ili kiaminike, kwa sababu watu wanapima wiki ya kwanza, wanaona hakuna kitu, wanaendelea kuchangia wakijiona salama. Na iseme kuhusu PrEP, dawa anayomeza asiye na VVU ili asiambukizwe. Utafiti uliofanyika Bangkok miongoni mwa watu wanaojidunga, matokeo yake yakatoka mwaka 2013, ulionyesha kidonge cha tenofovir kila siku kilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Tunacho kituoni na hakuna anayekiomba, maana hakuna anayejua kipo.

Swali linalonijia sana kutoka kwa walio na VVU tayari: nikimeza ARV na virusi visionekane kwenye kipimo, bado siwezi kumpa mwenzangu bomba langu? Kwenye tendo la ndoa imethibitishwa kwamba virusi visipoonekana haviambukizi. Kwenye sindano uthibitisho wa namna hiyo haupo. Dawa zinapunguza hatari, na umeze kwa ajili ya maisha yako, lakini bomba libaki lako. Halafu homa ya ini haijui ARV.

Jambo ambalo huduma yetu imelipatia kabisa ni kuweka methadone kwenye jengo hilohilo. Methadone inanywewa, haidungwi, na inaondoa arosto inayomsukuma mtu kwenye bomba la jirani. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2012 zilikuta matibabu ya namna hiyo yanahusiana na kupungua kwa maambukizi ya VVU kwa asilimia 54 miongoni mwa wanaojidunga. Anayetaka kuanza hupimwa VVU na homa ya ini siku hiyohiyo. Wengi wanaogopa kuuliza kwa sababu wanadhani ukianza dozi unafutwa kwenye daftari la pakiti, na ukiteleza hutakiwi kuonekana dirishani tena. Hufutwi. Kunywa dozi yako, na ukihitaji pakiti, pita uchukue.